Kabla Hujamlaumu Aliyekuuzia Bando: Ya Kufanya na Kutofanya na Waifai

Haya yanamhusu mwenye gesti, mwenye ofisi ya vyumba vitatu, na fundi anayeitwa kila mara kwa lalamiko lilelile: neti imekata. Mara nyingi neti haijakata. Faiba iliyoingia mlangoni ni nzima. Kilichoharibika ni kipande cha mwisho, kile cha hewani, na aliyekiharibu ni mwenye nyumba.

Pima kwanza, nunua baadaye. Chomeka kompyuta kwenye ruta kwa waya, upime kasi. Kisha pima kwa waifai ukiwa palepale, halafu nenda chumba cha mwisho ukapime tena. Ikiwa kwa waya unapata megabiti 20 na chumbani 2, kuongeza bando ni kutupa hela. Weka pia kwenye simu programu inayosoma nguvu ya mawimbi. Utaona namba hasi: hasi 50 ni nzuri sana, hasi 67 inatosha kupiga simu ya video, na kwenye hasi 80 alama ya waifai ipo lakini hata ujumbe wa sauti unasuasua. Kila zikipungua desibeli 3, nguvu imebaki nusu. Basi asikudanganye mtu kwamba kutoka hasi 67 hadi hasi 79 ni tofauti ndogo. Umebakiwa na sehemu 1 kati ya 16.

Usiifiche ruta. Si nyuma ya televisheni, si ndani ya kabati la vyombo, si sakafuni chini ya ngazi. Bati hurudisha mawimbi na maji huyameza, kwa hiyo ukiitundika nyuma ya simtanki iliyojaa usitegemee kitu upande wa pili. Jikoni nako ni matatizo: maikrowevu hufanya kazi kwenye masafa ya gigahezi 2.4, yaleyale ya waifai. Ruta iweke juu, peupe, katikati ya nyumba.

Usielekeze ncha ya antena chumbani kwa mgeni. Antena husambaza mawimbi kuzunguka ubavu wake, na nchani ndiko kulikodhoofu. Isimame wima. Nyumba ikiwa ya ghorofa, laza mojawapo.

Usiudharau ukuta. Ukitaka somo, nenda Mji Mkongwe, Zanzibar, kwenye nyumba za zamani zilizogeuzwa kuwa za kulaza wageni. Kuta ni za mawe ya matumbawe na chokaa, na unene wake hufika nusu mita. Gigahezi 5 zina kasi, lakini hazina ubavu wa kupenya mawe ya namna hiyo, gigahezi 2.4 hupenya zaidi kidogo, zikafika zimechoka. Hapo ruta yenye antena nane ni pambo tu. Njia ya mawimbi katika nyumba kama hiyo ni milango, madirisha na ule ua wa katikati, basi weka vifaa panapoangalia njia hizo, na vuta waya kwenda kila ghorofa.

Naam, waya. Waifai nzuri ina waya mwingi nyuma yake. Kile kidude cha kuongeza mawimbi kinachochomekwa kwenye soketi, cha bei nafuu, hupokea na kutuma kwa redio ileile moja, kwa hiyo kasi hushuka karibu nusu kabla mgeni hajafungua chochote. Funga aksesi pointi zilizounganishwa kwa waya, kila kipande kisizidi mita 100. Na dukani usinunue kwa macho: kwangua uzi mmoja kwa wembe. Ukitokea weupe chini ya wekundu, hiyo ni alumini iliyopakwa shaba. Irudishe.

Usichague chaneli kwa bahati nasibu. Kwenye gigahezi 2.4 chagua 1, 6 au 11. Anayekwenda 3 akidhani amemkimbia jirani aliye kwenye 1 amejiingiza kwenye ugomvi wa 1 na 6 kwa pamoja. Walio kwenye chaneli moja angalau husikilizana na kupeana zamu, lakini waliopandana nusunusu husikia kelele tupu. Hapa ndipo ninapowakasirikia mafundi zaidi, kwa sababu kazi yenyewe ni ya dakika tano.

Usipandishe nguvu ya ruta hadi mwisho. Simu ya mgeni ina redio ndogo: itaisikia ruta ikipaza sauti, lakini jibu lake halitafika.

Usiamini namba ya kwenye boksi. 1200 ni jumla ya masafa mawili, tena ya maabara.

Badilisha neno la siri la kuingilia kwenye ruta siku hiyohiyo unapoifunga. Ulinzi wa WEP ulivunjwa tangu 2001; ruta isiyojua zaidi ya huo, itupe. Tumia WPA2, au WPA3 iliyokuja 2018. Zima kile kitufe cha WPS: mwaka 2011 ilionyeshwa kwamba namba yake ya tarakimu nane hukisiwa kwa majaribio yasiyozidi 11,000. Kuficha jina la mtandao hakukingi chochote. Wageni wawe na mtandao wao, mbali na kamera na kompyuta ya mapokezi. Anayewachanganya anamkabidhi mpita njia ufunguo wa ofisi.

Ukiunganisha majengo mawili kwa madishi, usitosheke kwamba unaliona jengo la pili. Kwa kilomita 5 kwenye gigahezi 5.8, mawimbi yanataka nafasi ya mita 8 hivi kila upande wa mstari pale katikati ya njia, na angalau tano ziwe wazi kabisa. Mnazi mmoja unaoyumba unatosha kukuharibia mchana kutwa. Ukiwa Tanzania, nunua kifaa kilichoidhinishwa na mamlaka ya mawasiliano, TCRA. Mlingoti uwe na ethi. Waya unaoshuka kutoka darini uuachie kitanzi chini ya tundu kabla haujaingia ukutani, ili mvua idondokee nje, isifuate waya hadi kwenye ruta.