Somo la Robo Hii: Picha Ndani ya Kitufe cha Simu



Tukitengenezesha programu ya simu ya kuandikia kilo za korosho hapa Lupaso, tukague vitufe kabla ya kumlipa fundi. Kipimo cha Android huitwa dp. Picha ya dp 24 hukaa katikati ya eneo la kugusa lisilopungua dp 48, karibu milimita 9. Dp 12 tupu za kila upande nazo hupokea kidole. Mafundi wengine hubana eneo lilingane na picha ili kioo kipendeze, kisha kidole cha mkulima hugusa kitufe cha jirani. Pipa la taka peke yake halitoshi: kando yake liandikwe “Futa”. Nalo likae mbali na “Tuma”, maana kilo zikifutika kabla ya kutumwa, mkulima hana ushahidi wa mzigo wake.