Joto shambani, hasara sokoni: somo kwa mkulima na mnunuzi wa nyanya

MFANYABIASHARA wa nyanya wa Kaloleni, mjini Arusha, anaijua bei ya tenga ya leo asubuhi. Asichokijua ni bei ya wiki sita au nane zijazo. Hata hivyo dalili za bei hiyo huwa tayari ziko shambani, Ngarenanyuki au Kikatiti, siku ile mche unapotoa maua. Somo la wiki hii ni namna ya kuzisoma dalili hizo kabla hujatoa fedha.

Ua la nyanya huchukua takriban siku 45 hadi 60 kuwa tunda lililoiva. Wakati wa maua, joto la mchana likivuka nyuzi 32 hivi za Sentigredi, na la usiku likakaa juu ya nyuzi 21, chavua hudhoofika na maua hupukutika. Mche wenyewe hubaki wa kijani na wa kupendeza, na mkulima hudhani mambo ni mazuri. Pengo huonekana baadaye, matenga yanapoadimika na bei kupanda.

Anayeumia zaidi ni mnunuzi aliyetanguliza fedha shamba likiwa bado na maua. Mashamba mawili yanaweza kufanana kwa macho, lakini lililo juu kwenye miteremko ya Meru hupoa usiku, na lililo chini tambarare hubaki na joto. Tofauti hiyo huonekana zaidi Januari hadi Machi, kabla masika hayajakolea.

Joto lina madhara mengine. Likizidi nyuzi 30, tunda haliivi kwa wekundu mzuri. Hubaki na rangi ya njano au chungwa. Jua kali likilipiga tunda lisilo na majani ya kulifunika, huacha baka jeupe. Mche unaopewa maji mengi leo na kukaushwa kesho huoza kitako cha tunda. Nyanya za namna hiyo huuzwa kwa bei ya kutupa.

KIPIMAJOTO KWANZA

Kifaa cha kwanza ni rahisi: kipimajoto kinachoonyesha joto la juu na la chini kwa siku. Kitundikwe kivulini, usawa wa kifua cha mtu, kisomwe kila asubuhi na kuandikwa kwenye daftari. Vipo pia vya kielektroniki vinavyotunza kumbukumbu vyenyewe au kutuma taarifa kwenye simu. Daftari hilo likilinganishwa na utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania, mkulima huanza kujua shamba lake linatofautianaje na wilaya nzima.

TAA ZA UNYEVU

Mche hujipoza kwa kutoa maji kupitia majani, kama mwili unavyotoa jasho. Udongo ukikauka, jasho hilo hukoma na jani huungua. Swali ni: kiasi gani cha maji kinatosha?

Mfano mzuri uko Kiwere, mkoani Iringa. Kuanzia mwaka 2013, mradi wa watafiti wa Australia na Tanzania uliwapelekea wakulima wa skimu hiyo vifaa vya kupima unyevu vinavyoitwa Chameleon. Vihisio hufukiwa kwenye vina tofauti, na taa husema hali ilivyo: bluu ni udongo wenye maji mengi, kijani ni unyevu wa kutosha, nyekundu ni ukavu. Wakulima waligundua kwamba walikuwa wakimwagilia kupita kiasi na kuizamisha mbolea chini ya mizizi. Walipopunguza kumwagilia, mavuno yaliongezeka, na ugomvi wa zamu za maji ukapungua. Kwa wanaogombea maji ya mifereji chini ya Meru, hilo ni jambo la kutafakari.

NETI: PIGA HESABU

Neti ya kivuli hupunguza ukali wa jua, lakini si kila shamba linaihitaji. Tuchukue mfano. Tuseme kipande chako hutoa matenga 60, na joto hukunyima 20. Tenga likiwa Sh. 25,000, hasara ni Sh. 500,000 kwa msimu. Neti, nguzo na waya zikigharimu Sh. 1,500,000 na kudumu misimu mitatu, gharama ni Sh. 500,000 kwa msimu. Hata neti ikiokoa matenga yote 20, umetoka sare. Ikiokoa nusu, umepoteza Sh. 250,000 kila msimu. Weka bei zako mwenyewe, lakini pima joto kwanza ndipo ununue neti.

Mbegu nayo ina nafasi yake. Tanya na Tengeru 97, zilizotolewa mwaka 1997, husifiwa kwa tunda gumu linalostahimili safari, ingawa si kinga ya joto. Ulizia aina zinazovumilia joto kwenye vituo vya utafiti wa mboga vilivyopo Tengeru.

BAADA YA KUVUNA

Vuna alfajiri, weka matenga kivulini, usiyaache juani ukisubiri gari. Ghala dogo la kuta mbili za matofali, zenye mchanga uliolowanishwa katikati, hupoza bila umeme. Hufanya kazi vizuri hewa ikiwa kavu. Wakati wa mvua faida yake hupungua.

KABLA YA KUTOA FEDHA

Mnunuzi, muulize mwenye shamba maswali matatu. Joto la usiku lilikuwa nyuzi ngapi wakati wa maua? Maji hutolewa kwa kipimo gani? Katika kila kichala, ni maua mangapi yameshika tunda? La tatu usiridhike na maneno. Ingia shambani uhesabu mwenyewe. Asiye na majibu hana lazima kuwa tapeli, lakini fedha yako isitangulie mbele ya matunda.