Injini ya Mashine ya Kusaga Ikikwama: Kabla ya Kuiuza kwa Kilo

Vikundi vingi vinavyosaga mahindi mbali na laini ya stima vinategemea ile injini ya dizeli ya silinda moja, yenye flaiwili mbili kubwa na tangi la maji kando. Watu huiita Lister tu, hata kama si Lister. Kampuni ya R. A. Lister ya Dursley, Uingereza, ilianza kuiunda karibu mwaka 1930, na viwanda vya Rajkot, India, vimeiga umbo lake kwa miaka mingi. Ile ya nguvu za farasi 6 huzunguka mara 650 tu kwa dakika. Ni chuma kizito na chenye mwendo wa pole, kwa hivyo kinavumilia mengi.

Siku inapokataa kuzunguka, fundi anafika, anavuta hendeli mara mbili, anasema, "Imenoki." Neno hilo moja limebeba magonjwa manne au matano, na gharama zake hazifanani hata kidogo. Kuna ugonjwa wa kikombe cha dizeli na subira ya wiki moja. Kuna mwingine unaotaka krankshafti ipelekwe mjini. Kikundi kisichojua tofauti kinaweza kulipia mkubwa na kumbe kilikuwa na mdogo, ama kiuze injini nzima kama chuma chakavu. Hatuandiki somo hili ili mmfukuze fundi. Tunataka mjue la kumwuliza.

Je, ni injini kweli?

Fungeni dizeli kwanza. Injini ya dizeli haihitaji cheche. Ikizungushwa tu yaweza kuwaka na kumkata mtu mkono. Halafu toeni mkanda unaokwenda kwenye kinu, muinue ule mkono wa kushikilia vali wazi ili mgandamizo usiwadanganye, na mjaribu kuzungusha flaiwili taratibu. Ikizunguka vizuri, basi injini haina neno. Tafuteni kwenye kinu: msumari ulioingia na mahindi, nyundo iliyovunjika, beringi iliyokufa. Ni aibu kubomoa injini nzima kumbe msumari umelala pale chini ya chujio.

Ikiwa bado haizunguki, msichukue spana bado. Ulizeni: ilisimama ikifanya kazi, au ilikataa baada ya kukaa? Jibu la swali hili ni nusu ya matibabu. Lakini mwendeshaji asiulizwe kama mshtakiwa. Kijana akiona kamati nzima imemkalia kikao atasema tangi lilikuwa limejaa maji, hata kama lilikuwa kavu tangu asubuhi. Aulizwe na mtu mmoja anayemwamini, kwa upole, na ajue kwamba hatakatwa mshahara kwa kusema ukweli. Tumeweka jambo hili hapa, katikati ya mambo ya spana, kwa sababu uongo mdogo siku hiyo unaweza kumpeleka fundi kufungua mahali pasipofaa, na gharama ni yenu.

Baada ya hapo angalieni oili. Chomoeni kijiti cha kupimia, kisha mlegeze nati ya chini na kukinga kidogo kwenye mkebe safi. Yakitangulia maji, ndipo ifuate oili, maji yameingia ndani. Maji ni mazito kuliko oili kwa hivyo hukaa chini. Oili ikiwa nyeupe kama chai ya maziwa, ni habari hiyo hiyo. Ikimetameta juani kwa vumbi la chuma, kuna beringi inayolika. Na kama hakuna kinachotoka kabisa, basi hamna haja ya kutafuta mchawi.

Injini iliyokaa muda mrefu

Hii ndiyo yenye matumaini, na ndiyo inayouzwa bure. Mara nyingi injini haikai kwa sababu ya ubovu. Inakaa kwa sababu wanakikundi wamegombana juu ya hesabu, mlango ukafungwa kwa kufuli mbili, na mvua mbili zikapita. Bomba la moshi halina kifuniko. Maji yanashuka, yanakuta vali iko wazi, yanatua juu ya pistoni. Ringi zinashikana na ukuta wa silinda kwa kutu.

Toeni nozeli. Mimina ndani karibu nusu kikombe cha dizeli iliyochanganywa na oili nyepesi. Kama tundu limelala upande, tumieni mpira mwembamba na bomba la sindano ya mifugo lisilotumika tena. Iacheni. Kesho yake watu wawili washike flaiwili, mmoja kila upande, wasukume kidogo mbele, kidogo nyuma. Isipotikisika, ongezeni dizeli mrudi nyumbani. Siku ya nne, siku ya saba, hata ya kumi. Kutu hailegezwi kwa hasira. Msitie bomba refu kwenye hendeli, msivute flaiwili kwa trekta, na msiwashe moto kuipasha joto huku dizeli iko ndani.

Ikikataa kabisa, fundi afungue silinda hedi. Sasa kutu inaonekana kwa macho. Asugue ukuta ulio juu ya pistoni kwa msasa laini, apanguse, kisha agonge pistoni kwa kipande cha mbao ngumu, kamwe si kwa chuma. Gasketi ya hedi itanunuliwa mpya.

Siku itakapoachia, shangilieni, lakini msiiwashe. Izungusheni kwa mkono mara nyingi nozeli ikiwa nje, ili iteme yale mafuta yaliyobaki. Mkiyaacha, injini itayachoma kama dizeli na kukimbia bila breki. Mwageni pia oili yote ya chini, maana dizeli imeshapita kando ya ringi na kuichuja. Tieni oili mpya ndipo muiwashe.

Inayozunguka kidogo kisha inagonga pale pale

Ikienda robo mzunguko na kusimama kama imekuta ukuta, kila mara mahali hapo hapo, shukuni maji au dizeli iliyojaa juu ya pistoni. Kitu cha majimaji hakibonyei. Anayelazimisha kwa nguvu anapinda konrodi, na hapo ugonjwa wa bure umekuwa wa pesa. Toeni nozeli, simameni mbali na tundu, zungusheni polepole. Ikitema maji, tafuteni yametoka wapi: bomba la moshi, gasketi iliyoungua, au hedi yenye ufa. Isipotema kitu na bado inagonga, kuna kitu kimevunjika ndani, labda vali iliyoanguka. Hiyo ni ya kufunguliwa.

Iliyozima ikiwa moto

Hapa tunasema wazi kwamba matumaini ni machache. Maji yaliisha au oili iliisha, pistoni ikavimba ikabana. Pistoni ya aluminiamu huvimba karibu mara mbili kuliko silinda ya chuma, ndiyo maana inabana haraka. Msimwage maji baridi juu yake. Chuma chenye moto hupasuka. Ngojeni hadi kesho. Mara nyingine ikipoa inazunguka tena, na kikundi kinarudi kusaga siku hiyo hiyo. Msifanye hivyo. Hedi ifunguliwe na ukuta wa silinda uangaliwe. Ukiwa na mikwaruzo mirefu ya kwenda juu na chini inayoshika ukucha, silivu, pistoni na ringi zote zibadilishwe.

Fungueni pia kile kifuniko cha kando, mtikise konrodi. Ikicheza ovyo, au ikiwa chuma kimegeuka rangi ya buluu, beringi imeyeyuka na krankshafti inataka kuchongwa. Huu ndio wakati wa kukaa na bei mbili mezani: ya kutengeneza na ya kununua nyingine.

Kwa kazi yoyote ya kufungua, wanakikundi wawili wakae na fundi mwanzo hadi mwisho, waandike kila kitu kinachotolewa. Vipuri vya zamani vibaki kwa kikundi. Pampu ya dizeli na nozeli zisiondoke "kwenda kupimwa" bila sahihi.

Maswali ya mkutano wenu

1. Bomba la moshi la mashine yetu lina mkebe wa kulifunika? Nani hulifunika jioni?
2. Maji na oili vilipimwa lini mara ya mwisho, na imeandikwa wapi?
3. Tukifunga mashine kwa mwezi mmoja, ni nani ana ufunguo wa kuingia kuizungusha kwa mkono kila wiki?
4. Fundi akisema kesho kwamba imenoki, tutamwuliza nini kabla ya kumlipa?