Umechoka Wapi?

Butembo ni mji wa kazi. Biashara ndiyo iliyoujenga, na mtu akionekana ameketi mchana watu huuliza kama ni mgonjwa. Alfajiri pikipiki zinapanda na kushuka vilima, akina mama wanaelekea sokoni na mizigo ya viazi na maharagwe, na maduka yanafunguliwa kabla jua halijashika. Kule Beni, kama kilomita 50 kaskazini kwa barabara ya taifa namba 2, jasho ni lile lile, ila limeongezewa hofu: shamba la kakao linalolisha nyumba liko upande ule ule ambako watu wamekuwa wakiuawa tangu mwaka 2014.

Mtu wa huku akisema amechoka, jibu analopata ni "nenda ukalale". Analala, anaamka, na uchovu uko pale pale. Ndiyo maana nasisitiza jambo hili: kabla ya kutafuta pumziko, jiulize kilichochoka ni nini. Ni misuli? Ni kichwa? Ni masikio yaliyosikia habari mbaya tangu asubuhi? Ni moyo? Usingizi ni dawa ya baadhi ya hayo tu.

Tuanze na mwili, maana wenyewe hausemi uongo. Mama anayebeba mzigo mgongoni, mkanda umepita kwenye paji la uso, uchovu wake uko shingoni na kati ya mabega. Akijitupa kitandani na mto mrefu, shingo inabaki imepinda usiku kucha. Afanye hivi akifika nyumbani: atandike mkeka, alale chali, akunje kikwembe na kukiweka chini ya shingo, kisha aweke miguu juu ya kiti ili magoti yakunjike. Abaki hivyo dakika kumi, mikono imelegea pembeni. Watoto waambiwe mapema kwamba mama hajazimia.

Dereva wa pikipiki ni kinyume chake. Ameketi tangu asubuhi, mashimo ya barabara yanampiga kiunoni, halafu jioni anarudi kuketi tena kwenye barza. Yeye pumziko lake ni kutembea. Azunguke mtaa taratibu, ajinyooshe, ndipo aketi. Hata mchana, akisubiri mteja, ashuke kwenye kiti cha pikipiki badala ya kulala juu yake. Anayesimama dukani au anayekanyaga cherehani ya miguu ainue miguu ukutani jioni, basi.

Usingizi nao una mambo yake. Tuko karibu kabisa na ikweta, na jua letu linazama karibu wakati ule ule mwaka mzima. Hiyo ni bahati, kwa sababu mwili hupenda saa isiyobadilika: ukiamka wakati mmoja kila siku na kutoka nje kupata mwanga wa asubuhi, usiku usingizi utakuja wenyewe. Mtu mzima anahitaji saa saba au zaidi. Kahawa, hata ikiwa ya milima yetu wenyewe, isinywewe baada ya saa nane mchana, maana saa tano baadaye karibu nusu ya nguvu yake bado imo mwilini. Kasiksi, pombe yetu ya ndizi, inalaza upesi, lakini inamwamsha mtu usiku wa manane na kumwacha akihesabu mabati. Usingizi mfupi wa mchana unafaa sana. Uishie dakika 20 hivi, ukizidi nusu saa utaamka mzito kuliko ulivyolala.

Na kwa watu wa Butembo wanaojua baridi ya usiku: msiingize jiko la makala chumbani mkalala nalo. Hewa yake ya sumu haina harufu, nayo huua watu wakiwa usingizini. Ongezeni blanketi, vaeni soksi, laleni wawili wawili, lakini jiko libaki nje.

Sasa niseme juu ya Beni, na vijiji vya barabara ya Oicha na Kasindi, ambako watu wanalala wakisikiliza. Mwili ulioshituka hautii amri ya kulala. Ila unasikia pumzi. Vuta hewa puani ukihesabu hadi nne, itoe polepole ukihesabu hadi saba au nane, urudie kwa dakika tano. Kutoa pumzi kwa muda mrefu hupunguza mwendo wa moyo, na moyo ukitulia, misuli hufuata. Wafundisheni watoto wakati wa mchana, wakiwa wanacheza, ili usiku waijue tayari.

Tena kuna maandalizi ambayo yenyewe ni pumziko. Kabla ya kulala, kitambulisho, dawa na pesa kidogo viwe katika mfuko mmoja karibu na mlango. Simu iwe na moto. Muelewane nani atambeba mdogo na mtakutana wapi. Kichwa kinachojua mpango hakirudii maswali yale yale usiku kucha. Na kama hali inalazimu watu kukesha, mpeane zamu: mmoja aangalie hadi saa saba usiku, mwingine apokee. Nyumba nzima ikikesha pamoja, asubuhi hakuna hata mmoja mwenye akili ya kuamua.

Hivyo hivyo kwa habari. Huwezi kuishi hapa bila kujua kinachotokea, lakini si lazima watu saba wa nyumba moja wawe wanafungua WhatsApp kila dakika. Mchague mmoja kwa siku: yeye asikilize redio, afuatilie makundi, awaambie wengine lile linalohitaji uamuzi. Wengine masikio yao yapumzike. Tena ingieni kwenye mipangilio ya simu, mzuie picha zisijipakue zenyewe. Picha ya maiti ikishaingia machoni haifutiki kama inavyofutika kwenye simu, na tumeona nyingi mno.

Ndiyo sababu siku za ville morte, mji wote unapogoma, hazitupumzishi. Maduka yamefungwa, barabara imenyamaza, kila mtu yuko nyumbani, na jioni wote wamechoka kuliko siku ya soko, kwa sababu wameshinda wakiwaza pesa ya chakula na kusikiliza uvumi. Siku ya namna hiyo jipe kazi ndogo ya mikono yenye mwisho: shona kifungo, chambua maharagwe, tengeneza kiti kilichovunjika. Kichwa kilichojaa wasiwasi hupumzika mikono ikiwa na shughuli.

Uchovu wa moyo ndio tunaoudharau zaidi. Kati ya tarehe 1 Agosti 2018 na 25 Juni 2020, Ebola iliua watu zaidi ya 2,200 katika eneo hili. Wengi walizikwa na watu waliovaa nguo za kujikinga, bila mikono ya ndugu, na matanga hayakufanyika kama inavyotakiwa. Kuna familia ambazo hadi leo hazijalia. Haijachelewa. Chagueni siku, iteni ndugu, pikeni fufu na sombe, kila mtu amseme marehemu kama alivyomjua. Wauguzi wa wakati ule nao waiteni. Wao walibeba yao kimya.

Kwaya nayo ni dawa, na huku makwaya hatujapungukiwa, kwa Wakatoliki na kwa Wabaptisti wa CBCA. Anayeimba pamoja na wengine anatoa pumzi ndefu ile ile niliyoieleza juu, bila kuhesabu, huku amezungukwa na watu. Usiliache zoezi la kwaya eti umechoka. Mara nyingi ndilo litakalokuchangamsha.

Lakini uchovu ukidumu wiki mbili ingawa unalala, au ukiandamana na homa, kikohozi, jasho la usiku au kukonda, nenda kituo cha afya. Inaweza kuwa malaria, kifua kikuu au upungufu wa damu. Na ndoto mbaya zinazorudi kila usiku, au hamu ya kutokuwapo tena, waambie wahudumu wa afya vilevile. Hayo pia hutibiwa.

Mwisho, mama wa nyumba, hasa yule aliyewapokea wakimbizi na sasa anapikia watu kumi na watano. Kumwambia apumzike bila kumwondolea kazi ni kumwongezea mzigo. Likelemba, mchango wa zamu, tunaijua kwa pesa. Tuifanye kwa saa. Akina mama wanne wa barabara moja wakubaliane: kila wiki mmoja anapewa mchana mzima, wenzake watatu wanagawana watoto wake na sufuria yake. Wiki inayofuata zamu inahama. Waanze na siku ya posho, yaani Jumamosi, baada ya salongo, ile kazi ya usafi ya pamoja, na waweke kanuni moja tangu siku ya kwanza: mwenye zamu haruhusiwi kuutumia mchana wake kufua nguo.