Nafasi za Mwanafunzi wa Chuo Kikuu

Katika darasa letu la mwisho hapana neno litajwalo mara nyingi kama "chuo kikuu." Wengine hulitaja kwa furaha, wengine kwa hofu, na karibu wote hulitaja kana kwamba ni mlango: ukiisha kuupita, kazi yakungoja upande wa pili. Yafaa tulitazame jambo hili vizuri kabla ya kufanya mtihani wa serikali wa kumaliza sekondari, maana wazazi wetu wa Gitaza na Rumonge hulipa karo kwa mawese na ndagala, na si haki jasho lao lipotee kwa sababu sisi hatukuuliza.

Mawazo ya wengi ni haya: kwanza nisome, nipate shahada, kisha nitafute nafasi. Mimi nasema mpango huo umegeuzwa juu chini. Nafasi nyingi zimewekwa kwa ajili ya yule ambaye bado ni mwanafunzi, na siku anapopewa shahada, huwa zimempita. Namjua kijana mmoja wa pwani hii, jina lake silitaji, aliyemaliza miaka yake yote chuoni kwa alama nzuri. Alipokwenda kuomba kazi aliulizwa, "Umepata kufanya nini?" Akaonyesha karatasi yake ya alama. Wakamwuliza tena swali lile lile. Leo anamsaidia baba yake kuanika ndagala. Kuanika ndagala si aibu, nami nimelelewa kwa fedha ya kazi hiyo. Lakini haikumlazimu kusoma miaka mitatu Bujumbura ili aijue.

Miaka mitatu, nimesema. Chuo Kikuu cha Burundi kilianza mwaka 1964, kikiitwa Chuo Kikuu Rasmi cha Bujumbura, na jina la sasa kililipata mwaka 1977. Baadaye vyuo vingine vikazaliwa, kama kile cha Ngozi mwaka 1999. Zamani mtu alisoma miaka minne apate "licence." Kwa mpango mpya shahada ya kwanza ni miaka mitatu, na mwenye kutaka kuendelea huongeza ile ya pili. Basi mwanafunzi wa zamani alikuwa na miaka minne ya kuzinduka; sisi tuna mitatu. Tena, mwaka 2017 serikali iliamua kwamba burse ya wanafunzi iwe mkopo wa kurudishwa. Anayelala chuoni sasa huenda akalala juu ya deni.

Sasa nataka kueleza kwa kirefu mfano mmoja, kwa kuwa ulitokea katika ziwa letu hili hili.

Ukishuka na ziwa kwa kusini, ukaacha Rumonge na Nyanza-Lac na kuingia Tanzania, kabla ya kufika Kigoma utakuta milima ya Gombe. Mwaka 1960 alifika huko Jane Goodall, binti wa Kiingereza asiye na shahada yo yote, akaanza kuwatazama sokwe na kuandika aliyoyaona. Miaka ya mwanzo ya 1970 wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, walikuwa wakija kusaidia kazi hiyo, na wengine walikuwa bado hawajapata shahada ya kwanza. Kisha mwezi wa Mei 1975 waasi walivuka ziwa kutoka Zaire kwa mashua, wakateka watu wanne wa kituo kile. Wote waliachwa huru baadaye, lakini mpango wa wanafunzi wa kigeni ukakoma. Je, kazi nayo ilikoma? La. Wenyeji wa vijiji vya karibu, waliokuwa wamezoezwa kufuata sokwe na kujaza madaftari, waliiendeleza. Nawaomba wenzangu walitafakari jambo hili. Wasomi walipoondoka, sayansi ilibaki mikononi mwa watu waliojua njia za msitu.

Mfano wa pili ni wa Kigoma yenyewe. Mwaka 1998 ulianza huko mpango uliojulikana kama Nyanza Project, ukiongozwa na Andrew Cohen, profesa wa elimu ya miamba wa Chuo Kikuu cha Arizona, kwa fedha za shirika la sayansi la serikali ya Marekani. Uliendelea kwa miaka kadha, na sasa umekwisha. Wakati wa kiangazi, katika Julai na Agosti, wanafunzi kutoka Marekani walikaa pamoja na wanafunzi wa nchi za ziwa. Kwanza walifundishwa habari za ziwa: kwamba urefu wake ni yapata kilomita 670, kwamba kina chake chafika karibu mita 1,470, na kwamba konokono na samaki wengi waliomo hawapatikani pengine po pote duniani. Baada ya hapo kila mwanafunzi alipaswa kuchagua swali lake, aende ziwani au mtoni kukusanya vipimo, avihesabu, aandike taarifa, na kusimama mbele ya watu kuieleza.

Ni hapo hasa penye faida. Mwanafunzi aliyepita njia hiyo alirudi na taarifa yenye jina lake, na mwalimu aliyemwona akifanya kazi. Huyo mwalimu ndiye awezaye kumwandikia barua ya kumsifu kwa haki. Barua ya mwalimu aliyekuona tu katika ukumbi wa watu mia tatu haisemi kitu, hata ikiwa na muhuri mkubwa.

Na maswali yenyewe hayakuwa ya ajabu. Mojawapo lilikuwa hili: udongo unaoteremka kutoka milima iliyokatwa miti huwafanya nini viumbe wa ufukoni? Ili kulijibu, mito ya ndani ya Gombe, ambako msitu ungalipo, ililinganishwa na mito ya nje, ambako milima imelimwa. Swali jingine lilihusu joto. Mwaka 2003 jarida la Nature lilichapisha utafiti wa Catherine O'Reilly na wenzake, Cohen akiwa mmoja wao. Walionyesha kwamba maji ya ziwa yamepata joto, na kwa hiyo maji ya juu hayachanganyiki vema na yale ya chini yenye rutuba. Walikadiria kwamba mimea midogo ya majini ilipungua kizazi chake kwa kiasi cha 20 kwa mia, jambo ambalo lingeweza kupunguza samaki kwa 30 kwa mia. Wavuvi wetu husema ndagala wamepungua kwa sababu ya nyavu nyingi. Huenda wasemavyo ni kweli, lakini si kweli yote.

Sasa tazameni nyumbani. Mwezi wa Machi 1915 sisi hatukuwapo. Lakini Machi 2015 tulikuwapo, tungali wadogo, milima ya Gitaza ilipoporomoka kwa mvua, nyumba zikabomoka na barabara ya Bujumbura kwenda Rumonge ikakatika. Mwanafunzi wa jiografia, wa kilimo au wa ujenzi aliyezaliwa hapa ana swali la kuandikia kazi yake ya mwisho pasipo kuomba nauli ya ndege. Mashamba gani yaliteremka? Mapito ya maji yalikuwa wapi? Wazee wayakumbuka mahali yalipokuwa. Mgeni angehitaji mwaka mzima ili aaminiwe na wazee hao. Sisi twaanza kwa kuwaamkia.

Nafasi za nje nitazipitia kwa haraka. Nchi yetu iliingia katika Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2007, na mwaka 2017 wakuu wa Jumuiya walitangaza eneo moja la elimu ya juu, shabaha yake ikiwa masomo ya nchi moja yatambuliwe katika nyingine. Baraza la vyuo vikuu linaloshughulikia mambo hayo lina makao yake Kampala. Nchi za Ulaya nazo zina mpango uitwao Erasmus+, ambao humwezesha mwanafunzi kukaa katika chuo cha huko kwa muda mfupi kisha arudi kumalizia kwao. Hapa wengi hukosea: katika mpango huo mwanafunzi hajiendei peke yake, lazima chuo chake kiwe na mapatano na chuo cha huko. Kwa wenye shahada ya kwanza na alama za juu iko taasisi ya sayansi ya Nelson Mandela huko Arusha, na Chuo Kikuu cha Umoja wa Afrika, ambacho tawi lake moja liko Juja, Kenya.

Kuna nafasi moja tunayoidharau, nayo ni ulimi wetu. Mtoto wa pwani hii hukua na Kirundi nyumbani, Kiswahili sokoni na bandarini, Kifaransa darasani, na Kiingereza kidogo. Mwaka 2022 Umoja wa Afrika ulikipokea Kiswahili kuwa lugha ya kazi, na Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki iko Zanzibar. Mikutano yote hiyo yahitaji wafasiri na wakalimani, na wanaojua vema Kifaransa pamoja na Kiswahili si wengi. Lakini Kiswahili cha kuuzia samaki hakitoshi. Lazima mtu akisome, aandike, asahihishwe, aandike tena.

Jihadharini pia na watu wanaouza burse. Wapo wanaozunguka na karatasi zenye picha za majengo mazuri, wakitaka walipwe kwanza. Burse ya kweli hutangazwa wazi na kueleza sharti zake. Mtu akitaka fedha kwa siri ili akuandikie jina, mwache aende zake.

Basi siku ya kwenda kujiandikisha, msiulize karo tu. Ulizeni kama chuo kina mahali pa kuwapeleka wanafunzi kwa staji, na ni majuma mangapi. Ulizeni kimepatana na vyuo gani vya nje. Ulizeni ni mwalimu gani anayefanya utafiti sasa hivi, juu ya jambo gani, na kama huwachukua wanafunzi wa mwaka wa kwanza, hata kama ni kwa kubeba chupa za maji tu.