Mchele wa Juu na Mchele wa Chini

Surat al-Mutaffifin (83) inaanza kwa kuwatishia maangamizi wanaodai kipimo kamili wakinunua, na wakiuza hupunja. Hawakutajwa hapo wezi wa usiku, bali watu wa mizani, mchana, sokoni.

Abu Hurayra amesimulia, katika Sahih Muslim, kwamba Mtume (s.a.w.) alitia mkono ndani ya rundo la chakula, vidole vikagusa unyevu. Muuzaji akasema ni mvua. Mtume akamuuliza kwa nini hakukiweka juu kilicholowa ili watu wakione. Mvua si kosa; kuficha ndiko kosa.

Tuje kwetu Rusizi. Mchele wa Bugarama ukipunjwa gramu 50 kwa kila kilo, aliyelipia kilo 100 ameibiwa kilo 5. Kijana anayepima atasema mizani ni ya tajiri, yeye kaajiriwa tu. (Nasi wanafunzi tunaosainiana mahudhurio tuna majibu kama hayo.) Lakini Surat al-An'am, aya ya 164, inafundisha kwamba hakuna nafsi ibebayo dhambi ya nyingine. Tajiri ana yake ya kuamuru, mpimaji ana yake ya kupima. Na haki ya mja hairudi kwa istighfari peke yake: mnunuzi atafutwe, arudishiwe kilo zake 5, hata akiwa ng'ambo ya daraja, Bukavu.