Mashindano ya Baiskeli: Muda wa Kila Mzunguko Unasema Nini?

Si ajabu katika mashindano ya baiskeli mashinani kumwona kijana akiongoza mzunguko wa kwanza, kisha jina lake likakosekana miongoni mwa washindi. Watazamaji husema miguu imemwishia, naye hurudi nyumbani akiamini hana nguvu. Huenda nguvu alikuwa nazo, ila alizitumia mapema mno. Ushahidi huwa katika muda wa kila mzunguko, iwapo kuna aliyeuandika.

Chukua mfano wa mizunguko 6 ya kilomita 5 kwenye barabara tambarare. Mshiriki mmoja anamaliza kila mzunguko kwa dakika 10, jumla saa moja kamili. Mwenzake anaanza kwa kishindo: 9:15, 9:30, 10:00, 10:30, 11:00, 11:15. Baada ya mizunguko 3 yuko mbele kwa dakika 1 na sekunde 15, na mashabiki wanashangilia. Mwisho wa mzunguko wa 5 ameachwa kwa sekunde 15. Anamaliza kwa 61:30, nyuma kwa dakika moja na nusu. Aliyeandika jumla peke yake hawezi kujua mambo yaliharibika wapi.

Kinachomponza ni hewa. Mwendo ukiongezeka maradufu, nguvu ya kuipasua hewa huongezeka mara 8. Mzunguko wa 9:15 ni takriban kilomita 32.4 kwa saa, asilimia 8 tu zaidi ya kilomita 30, lakini nguvu inayomezwa na hewa hupanda kwa karibu asilimia 26. Anapata sekunde 45 kwa gharama ambayo miguu itailipa baadaye.

Hata waliobobea hunaswa. Mnamo Januari 2015, Jack Bobridge wa Australia alijaribu rekodi ya saa moja mjini Melbourne. Rekodi wakati huo ilikuwa kilomita 51.852. Alianza kwa kasi kuliko iliyohitajika, akachoka, na akafikisha kilomita 51.300.

Kupima hakuhitaji kifaa cha bei ghali. Rafiki mwenye simu asimame mahali pamoja, abonyeze saa kila mshiriki anapopita, kisha aandike daftarini. Kando ya kila muda aandike pia hali: upepo, mvua, alikuwa peke yake au nyuma ya wenzake. Maelezo haya yana uzito sawa na tarakimu zenyewe, kwa maana anayejikinga upepo nyuma ya kundi hutumia nguvu kidogo sana. Mzunguko wa polepole ndani ya kundi si lazima uwe udhaifu. Pengine kundi zima lilikuwa likiviziana.

Penye milima hesabu hubadilika kidogo. Muda unaopotea kwenye mpando haurudi wote kwenye mteremko, kwa hivyo inafaa kukaza kiasi wakati wa kupanda na kupumzika wakati wa kuteremka. Linganisha mzunguko na mzunguko, si kilomita ya mpando na ya mteremko.

Katika mazoezi yajayo, mbali na barabara kuu na kofia ya usalama ikiwa kichwani, mshiriki aanze mzunguko wa kwanza kwa mwendo anaohisi ni mwepesi mno. Ikiwa wa mwisho utakuwa wa kasi kuliko wa kwanza kwa sekunde nyingi, wiki inayofuata aongeze kidogo mwanzoni.